Nafasi Moja ya Kupanga Foleni

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana wengine mliovuka kwa pantoni lile mmekaa hapa hapa mnanisikiliza, palikuwa na mtu akiitwa Mtandika. Kazi yake ilikuwa kwenye kivuko cha Mto Lukuzi. Mwenzake Chilongo alivuta kamba ya chuma, yeye Mtandika alipanga watu. Mwenye uchungu wa uzazi, pita. Wenye maiti, piteni. Wauza maziwa, piteni kabla jua halijapanda. Wewe mwenye lori, acha honi, zamu yako itafika. Watu walimtukana, lakini walimtii.

Kisha serikali ikajenga daraja. Siku ya kulifungua ngoma zikapigwa, na Mtandika mwenyewe akacheza, maana daraja ni jambo jema. Kesho yake akaamka, akavaa, akafika mtoni, akakuta pantoni limefungwa mnyororo kama mbuzi.

Akaanza kutafuta kazi. Akaenda kiwanda cha sukari, wakamuuliza, "Una cheti?" Hana. Akaenda kwenye maghala, wakamwambia, "Tunataka vijana." Akaenda stendi ya mabasi: "Acha namba yako, tutakupigia." Simu haikulia. Akasikia kwamba nyuma ya milima kuna mto mwingine wenye pantoni. Akasafiri. Alipofika akaona nguzo za zege zimeshasimama majini, akageuza njia bila hata kuuliza.

Basi ikawa kila asubuhi anamuaga mkewe, "Natoka, Mama Zaina," kisha anakwenda kukaa chini ya daraja mpaka jioni. Aliona haya kurudi mapema mikono mitupu.

Mkewe, Nambua, alikuwa na meza ya kukaangia mihogo sokoni. Wateja wakamwambia mumewe anashinda wapi. Hakugomba. Akamfuata kule kule, akakaa kando yake.

"Baba Zaina, kazi yako ni nini?"

"Pantoni."

"Pantoni ni chuma. Kamba alivuta Chilongo. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napanga watu."

"Na huko unakokwenda kuomba, umewahi kuwaambia hivyo?"

Hakuwahi. Kila alipokwenda alisema yeye ni mtu wa pantoni, na nani anamtaka mtu wa pantoni penye daraja?

Tangu siku ile Nambua akafunga meza yake, akawa anamfundisha mumewe kujieleza. Yeye anakaa kitini, anakunja uso kama bosi. "Ingia tena. Usitazame chini, kwani umepoteza shilingi?" Mtandika akikosea, anatolewa nje, anabisha hodi upya. Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Ila Nambua aliporudi sokoni, mahali pake palikuwa pameshachukuliwa, na wenye soko wakasema hakuna pengine.

Siku zikapita. Chilongo akaja anahema.

"Hospitali mpya ya ng'ambo ya mto inataka mtu wa kupokea wagonjwa na kupanga foleni. Fundi rangi wao alinisemea, wakaniita mimi."

"Hongera, ndugu yangu!"

"Hongera ya nini? Mtu akinifokea mimi nitamchapa kofi, nifukuzwe wiki hiyo hiyo. Nimeshawaambia siji, anakuja mwenzangu. Nenda wewe."

"Na kwako mnakula nini?"

"Tunakula tulichokula jana. Nenda."

Siku ya usaili lori la miwa likaanguka katikati ya daraja, magari yakakwama pande zote. Mtandika akashuka kwenye basi, akapita juu ya miwa, akakimbia. Alipofika hospitali, geti limefungwa. Amri ilikuwa kwamba kengele ikishalia, mwombaji wa kazi haingii. Pale getini alisimama mlinzi, Bi Sikitu, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona Mtandika maishani mwake.

"Mama, nisaidie."

"Kengele imeshalia, baba."

"Nimekimbia toka darajani."

Bi Sikitu akamtazama. Shati limelowa jasho, suruali imepasuka gotini, midomo imekauka. Akageuka nyuma, akatazama ofisini, kisha akafungua.

Ndani, mganga mkuu akamuuliza Mtandika, "Mlango umejaa watu, wote wanapiga kelele. Utaanza na nani?"

Akakumbuka asitazame chini. Akasema, "Na asiyepiga kelele, daktari. Mwenye nguvu ya kugomba ana nguvu ya kungoja."

Mganga mkuu na wenzake wakatazamana, wakacheka, wakampa kazi.

Jamani, mtu aliyetafuta kazi muda mrefu, akiipata, hukaa kwanza. Mtandika aliketi kwenye ngazi za hospitali akavuta pumzi, akaishusha, akavuta nyingine. Wapita njia wakadhani ni mgonjwa. Alipofika nyumbani na kusema, "Nimepata," Nambua alimkalisha kitini. Alimvua viatu, akamletea maji ya kunawa miguu, ndipo akapiga kigelegele kikatawanya kuku uani.

Lakini kule hospitali mganga mkuu alikuwa ameuliza nani alifungua geti, na Bi Sikitu akajibu, "Mimi." Mkataba wake ulipokwisha, hakupewa mwingine.

Mtandika akaifanya kazi. Foleni ikanyooka, wazee wakapata pa kukaa, wagonjwa wakaja hata kutoka wilaya ya pili. Mganga mkuu akamwita. "Peke yako hutaweza. Nina nafasi moja ya msaidizi. Mchague mwenyewe, nami sitakuuliza kwa nini."

Mtandika akarudi nyumbani anaimba. Jana alikuwa anaomba nafasi, leo anayo ya kutoa! Akawaita Chilongo na Bi Sikitu, Nambua akapika pilau, wakala wakashiba. Ndipo akawaambia.

Chilongo akasema kwanza. "Nafasi uliyonayo ilikuwa yangu, nikakupa. Ningenyamaza tu, ungekuwa chini ya daraja mpaka leo. Nilikataa kupanga watu kwa sababu ya hasira zangu, kweli. Lakini msaidizi atasukuma machela na kubeba wagonjwa. Hiyo ni kazi ya mikono hii."

Nambua akasema, "Shemeji, ulimpa nafasi, lakini angeingia akasema 'mimi mtu wa pantoni', wangemtoa. Mimi ndiye niliyemfundisha aseme yeye ni nani, na meza yangu ikaenda. Wala msiniambie mke hula mshahara wa mumewe. Mshahara ni wake. Mihogo ilikuwa yangu."

Bi Sikitu akasema, "Chilongo alimsaidia rafiki yake. Wewe, mwanangu, ulimsaidia mumeo. Mimi nilimsaidia mtu nisiyemjua hata jina. Mihogo unaweza kuikaanga nje ya nyumba yako, mimi geti nitalilinda wapi?"

"Lakini ulivunja amri, mama," akasema Chilongo. "Je, ukimfungulia kila mtu?"

"Na wewe utakayechapa watu makofi je?"

Wakacheka wote, hata Chilongo. Maana hapakuwa na mwenye kinyongo pale. Kila mmoja alimtazama Mtandika akiwa ameshiba, ana kazi, uso umerudi kuwa uso, akafurahi kwa sehemu aliyotia mkono wake. Lakini kila mmoja alikuwa na nyumba, na kila nyumba ina jiko linalotaka kuwashwa.

Mtandika akawaomba wampe muda mpaka asubuhi. Mganga mkuu anangoja jina moja, si matatu.

Nami mwisho wa ninalolijua ni hapo. Kuna aliyetoa nafasi yake, kuna aliyemfumbua macho, kuna aliyemfungulia geti. Je, nani alistahili? Anza kujibu wewe uliyekaa karibu na mlango.