Sahani za Harusi na Maji ya Naetwe

Sogeeni karibu, na msitegemee nimalize hadithi hii peke yangu. Mimi imenishinda.

Katika kijiji kimoja cha Upareni waliishi watu watatu wenye vipaji. Mbonea alijua kununua: kitu cha bei rahisi hakikumpita. Namkunda alijua kufagia: uani kwake hukuti hata ganda la njugu. Elinihaki alijua maji, ndiyo maana alikabidhiwa ndiva, bwawa la pamoja ambalo kila nyumba hupata zamu yake ya kumwagilia.

Ikaja harusi. Mjane Naetwe akaleta sahani za bati za kikundi cha akina mama. Mbonea akacheka.

"Shangazi, nani akeshe anaosha vyombo? Nimeleta za plastiki. Unakula, unatupa!"

Vigelegele! Akina mama walikuwa wamechoka kweli, siwalaumu.

Wageni walipoondoka, Namkunda akashika ufagio. Sahani, vikombe, vijiko, vyote akavisukumia korongoni. Uwanja ukang'aa, akasifiwa.

Mvua ikanyesha juu mlimani, huku chini hata tone. Korongo likashusha takataka zile mpaka kwenye wavu wa kuchuja maji yanayoingia ndiva, ukaziba, maji yakaanza kumwagika pembeni. Elinihaki akazoa, zikazidi kuja. Akang'oa wavu. Ndiva ikajaa pomoni, naye akasifiwa.

Kulipokucha ilikuwa zamu ya Naetwe. Maharage yake, chakula chake cha mwaka, yalikuwa kwenye maua. Wakazibua ndiva, maji hayakutoka. Sahani zilikuwa zimeziba tundu la kutolea maji. Wakachokonoa mpaka jua la utosi, na maji yalipotoka, zamu yake ilikuwa imekwisha. Zamu haimngoji mtu.

Maharage yale yatapona mmoja wa wale watatu akimwachia zamu yake. Lakini atakayeiacha, ya kwake yatakauka.

"Mimi niliwapunguzia kazi," alisema Mbonea. "Sikutupa hata kikombe."

"Mimi nilisafisha," alisema Namkunda. "Ningeziweka wapi? Nizile?"

"Mimi niliokoa maji," alisema Elinihaki. "Sikununua, sikufagia."

Rahisi, rahisi! Nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Rahisi kwa nani?

Naetwe bado amesimama na jembe lake, na maua yameanza kupukutika. Haya, nyie mliokula pilau ile mkafurahi kwamba hakuna wa kuosha: mngemnyang'anya nani maji?