Jina Moja Kwenye Mkeka wa Bi Chausiku

Sogeeni karibu, mniamulie kesi iliyonishinda.

Daktari Semvua, mpasuaji, alikuwa na mikono isiyotetemeka. Kombo, mtunza takwimu wa hospitali, alikuwa na hesabu isiyompendelea mtu. Mwanahawa alikuwa na ulimi usiojua kuficha, na mke mwenzake, Bi Chausiku, aliuogopa ulimi huo kuliko homa.

Basi Bi Chausiku akaugua. Vijidudu viliingia moyoni vikawa vinatafuna vali, kile kilango cha kupitishia damu. Semvua akapanga kumpasua kesho yake, akamuuliza, "Mama, kuna jingine lililokusibu?"

Mkwewe, mume wa bintiye, alikuwa amesimama pale pale. "Hakuna, baba," Bi Chausiku akajibu. Angesemaje mbele ya mkwe kwamba alfajiri ile mkono ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, akajikojolea? Heri kufa na stara yangu, aliwaza, na kweli alikuwa karibu kufa nayo.

Mwanahawa, aliyezifua zile shuka, hakungoja mkwe atoke. "Daktari, anakuficha!" Akamwaga yote. Bi Chausiku alilia kwa aibu. "Umenivua nguo, Mwanahawa. Usinisemeshe tena!"

Semvua alijua hicho ni kiharusi, na kwamba kisu cha haraka kingeweza kumvujisha damu ubongoni; apasue lini basi? Ikawa zamu ya Kombo. Miaka kumi na miwili alikuwa akiandika habari za kila aliyeugua maradhi hayo, nani alipona na nani alizikwa. Alihesabu kutwa nzima. Jamaa wakamsihi apunguze makali kidogo.

"Namba si uji, niipoze," akasema. "Kati ya kumi walio kama mama, tukiwapasua sasa hivi watakufa sita. Tusipowapasua kabisa, tisa. Wakitumia dawa wiki mbili kwanza, watatu."

Bi Chausiku akajifuta machozi. "Basi mimi ni wa wale saba. Ngojeni, kisha mnipasue."

Wapasuaji wengine wawili walikataa kumgusa, wasije wakaharibu majina yao. Semvua hakukataa. Wiki mbili aliusikiliza moyo ule asubuhi na jioni, kisha akashika kisu kwa saa saba, akatia vali mpya. Moyo ulipogoma kuanza, aliukanda kwa mkono wake mpaka ukapiga.

Bi Chausiku akapona. Akasuka mkeka wa ukindu ambao hajapata kusuka mfano wake, katikati akaacha nafasi ya jina moja tu, la aliyemwokoa.

"La daktari," akasema mkwe. "Hesabu haishiki kisu."

"La Kombo," akasema binti. "Bila yeye kisu kingeshikwa siku ya mauti."

Mwanahawa alikuwa uani akitwanga, wala hakuna aliyemuuliza. Lakini bila yeye, Kombo angehesabu mgonjwa mwingine kabisa. Bi Chausiku alilijua hilo. Alijua pia kwamba tangu siku ile hajamsemesha, na aibu bado inamchoma kila mkwe anapoingia. Hata hivyo amekata shauri: mkeka utakamilika leo, na jina ni moja.

Ukindu mwekundu uko mkononi mwake. Je, ungekuwa wewe, ungesuka jina la nani?