Korongo Asiye na Safari

Chanda chema huvikwa pete. Wahenga walimaanisha kuwa mwenye kazi njema hata akichelewa kutuzwa, siku yake itafika. Mo Qiuniang, mchongaji wa Suzhou, alikuwa ameingoja siku hiyo miaka kumi na mmoja.

Vichupa vyake vya ugoro vilitoka katika karakana ya Fundi Mkuu Tao bila jina. Kuchora jina kitakoni kulihitaji ruhusa ya Tao, naye alikuwa amempa mchongaji mwenzake, Lu Deshan, peke yake. Lu akavimba kichwa hadi kofia zikamkataa.

Siku moja Bwana Pan aliagiza kichupa chenye korongo, ndege wa maisha marefu, kwa ajili ya mama yake aliyekuwa akitimiza miaka themanini. Tao aliwaambia wote wawili wachonge, mteja achague. Lu aliwahi jiwe la akiki jeupe pepepe. Qiuniang akaachiwa lenye doa jeusi na tone jekundu.

"Dada, lioshe kwanza hilo doa!" Lu alimkejeli.

"Silioshi. Ndege wangu yumo humu."

Siku nne nzima aliligeuzageuza jiwe katika bakuli la maji kabla ya kuligusa kwa gurudumu la kuchongea. Doa likawa manyoya ya mkia, na tone likawa utosi mwekundu wa korongo aliyeinama.

Bwana Pan alipokuja, Lu alitoa korongo anayepaa kuelekea machweo, amembeba bibi kizee mgongoni. Kazi ya mkono ilikuwa safi, na Qiuniang akaona ameshindwa. Lakini Bwana Pan alibadilika rangi.

"Kwani mama yangu amekufa lini? Mbona mmeshamsafirisha?"

Nani Suzhou asiyejua kwamba apandaye korongo kwenda magharibi harudi kula tambi za siku yake ya kuzaliwa?

Bwana Pan akashika kichupa cha pili. "Na huyu mbona kainama?"

"Anakunywa maji, Bwana," alijibu Qiuniang. "Yuko kwake. Hana safari."

Bwana Pan alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akakipindua kichupa. "Kazi kama hii haina mwenyewe?"

Tao akachukua kalamu ya chuma ya kuchorea na kumkabidhi Qiuniang kwa mikono miwili. "Andika jina lako, Fundi Mo."

Tao hakuwa amewahi kumwita fundi. Qiuniang alichora jina lake mbele ya Lu na karakana nzima, bila haraka, akijivunia kila mstari. Ama kweli, chanda chema huvikwa pete.