Mashine ya Asali ya Bi. Ngiri

Paukwa, wakubwa na wadogo.

Pakawa. Mmeitika vizuri, nimewasikia mpaka wa nyuma.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na maduka, waliokuwepo ni hawa. Alikuwepo Bi. Ngiri, mwenye duka la asali. Ni Ngiri, si Nguruwe. Meno yake yalitoka nje yakapinda juu. Alikuwepo Mzee Nyegere, mwonjaji. Alikuwepo Kima, karani. Ni Kima, si Tumbili, wengi huwachanganya. Alikuwepo Bwana Tembo, mnunuzi. Na baadaye ilikuwepo Mashine.

Kazi ya Mzee Nyegere ilikuwa hivi. Mtungi ukiletwa, alichovya ukucha, akaramba, akafumba macho, akahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Kwa nini ishirini? Kwa sababu mnyaa, ule mti wenye utomvu mkali, ukichanua nyuki huufuata, na asali ya mnyaa ni tamu kwanza, kisha huwasha koo kama pilipili. Ikimwasha, Mzee aliumwaga mtungi nyuma ya duka, kimya kimya. Haukuandikwa popote. Ndiyo desturi ya duka lile: asali mbaya haitajwi, nyuki wasione haya.

Kima alichoka kusubiri ishirini. Siku moja akaleta Mashine. Jicho moja la kioo, mkono mmoja wa muhuri. Akaisomea madaftari yote ya duka, ya miaka tisa, nayo ikajifunza. Mtungi ukapita. Jicho likatazama, tii. Mkono ukashuka, pwa. NZURI. Tii, pwa. Tii, pwa. Mitungi arobaini kabla ya chai. Kima akacheza juu ya kaunta. Bi. Ngiri akacheza chini, mkia wima.

"Shikamoo Mzee, na pumzika Mzee," Kima akasema. "Ishirini yako ni ya zamani."

Mzee Nyegere aliuliza jambo moja tu: ikikosea, nani ataisimamisha? Kima akamwambia haikosei. Mzee akapewa kibuyu cha shukrani, akaenda zake.

Wakati huo Bwana Tembo alikuwa anamwoza binti yake. Akaagiza mitungi mia. Akasema akiona kasoro atakuja alikalie duka. Hakukasirika. Alisema tu, kisha akalitazama paa.

Na mnyaa ulikuwa umechanua.

Tii, pwa, mara mia. Mitungi ikafika arusini. Wageni wakaramba, wakasema tamu, tamu kweli. Bwana arusi akasimama kuwashukuru wakwe. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Lo! Twiga akakohoa juu, kikohozi kikamfikia chini baadaye. Kiboko akanywa nusu ya bwawa. Fisi akacheka huku analia. Bwana arusi akatumbukiza mkonga katika sufuria ya uji, akatulia humo. Bibi arusi akacheka mpaka shela ikamwanguka.

Bwana Tembo hakucheka. Ndi, ndi, ndi, mpaka dukani. Akageuka, akaanza kushusha makalio. Paa likalia kwaa. Bi. Ngiri akamtazama Kima, Kima akaitazama Mashine. Jicho likaona makalio. Tii, pwa. NZURI.

Hapo akaingia Mzee Nyegere, maana kelele za arusini zilimfikia nyumbani. Akaiinamia Mashine.

"Umewahi kuona asali mbaya?"

"Sijawahi," Mashine ikajibu. "Madaftari yote yanasema nzuri."

Bi. Ngiri akatoka, akasimama chini ya makalio yale, pale pale kivulini.

"Bwana Tembo, duka ni langu na mashine ni yangu. Mbaya niliificha, nikaifundisha nzuri peke yake. Kosa si la Mashine wala la Kima. Ni langu."

Tembo akabaki nusu ameketi. Akauliza, "Na kesho?"

"Kesho Mashine itatazama," Mzee akasema, "nami nitahesabu."

Tembo akafikiri. Kisha akainuka.

Tangu siku hiyo Kima aliandika kila asali mbaya kwa jina lake: ya mnyaa, iliyochacha, iliyotiwa maji. Mashine ikasomewa hizo pia. Ikafungwa kamba, na yeyote akiivuta, hata mfagiaji, Mashine ilisimama. Na hakuna mtungi uliotoka bila mtu kuuonja. Kima akafundishwa kuhesabu. Mara ya kwanza aliruka kutoka nne mpaka kumi na tisa. Mzee akamrudisha kwenye moja.

Funzo ni hili. Ukiipa mashine kazi yako, ifundishe na makosa yako, mwache mtu wa kuisimamisha, na ikikosea, jibu wewe mwenyewe.

Hadithi yangu naifunika hapa, kama mtungi uliojaa.

Mzee Nyegere alifariki mwaka uliofuata, mnyaa ulipochanua, na tangu hapo anayehesabu mpaka ishirini ni Kima.