Keki Moja kwa Meza Nzima

Kuuliza si ujinga. Methali hii huelekezwa zaidi kwa watoto, ingawa watoto hawana haja nayo kubwa. Wao huuliza hata wasiporuhusiwa. Anayeihitaji ni mtu mzima, hasa yule aliyezoea kuulizwa yeye. Mtu wa namna hiyo hufikwa na siku akakwama, akatazama kulia na kushoto, akaona afadhali apotee njia kuliko kumwomba aliye mdogo kwake amwelekeze. Hayo yalikuwa karibu kumfika mwokaji mikate mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tanuri.

Duka lake lilikuwa kwenye kona, na harufu yake ilitangulia kuamsha watu kabla saa zao za kengele hazijalia. Ndani mlikuwa na tanuri la ghorofa tatu, rafu za makopo ya kuokea yaliyokuwa meusi kwa miaka, na meza ya mbao ambayo katikati ilikuwa imebonyea kwa kukandiwa. Mama Tanuri alikuwa ameoka kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na mizani wala daftari la vipimo. Akiulizwa unga kiasi gani, alifumbua kiganja chake akasema, "Kipimo ni hiki." Waokaji watano wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na kila donge likiwashinda, walirudi kwake kuuliza. Yeye alikuwa hajaenda kwa mtu.

Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, alikuwa ameoa mwanamke mpole aliyekuwa fundi wa miwani. Mwanamke huyo alishinda akikata vioo na kupima macho ya watu, na upimaji ukamwingia damuni. Hata chumvi ya mchuzi aliipima kwa kijiko. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa alimletea mama mkwe mkate aliouoka mwenyewe. Mama Tanuri aliugonga mezani mara mbili, ko, ko, kisha akasema mbele ya wageni, "Huu tuuweke, upepo ukija tutauegemeza mlangoni." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mkwe naye akacheka. Lakini tangu siku hiyo hakuwahi kupika tena mbele ya mama mkwe wake, na Mama Tanuri hakuwahi kujiuliza sababu.

Mtoto wao alikuwa msichana waliyemwita Chiriku, kwa kuwa alianza kusema mapema na hajanyamaza hadi leo. Alipokuwa na miaka mitatu alipewa kikombe cha maziwa pale pale dukani. Haikupita robo saa midomo yake ikavimba, na kifua kikaanza kupiga mluzi kama birika linalotaka kuchemka. Mama Tanuri ndiye aliyembeba mbio hadi kwa daktari. Mtoto akapona, lakini daktari akatoa amri: asiguse maziwa ya ng'ombe wala ya mbuzi, siagi wala jibini, hata tone.

Hapo ndipo mkwe alipoanza kutengeneza maziwa ya shayiri jikoni kwake, na ya lozi, na ya soya. Mama Tanuri aliposikia alishika kiuno. "Maziwa ya shayiri?" akasema. "Tangu lini shayiri ikawa na matiti?" Utani huo ulizunguka mtaa kwa wiki nzima.

Ilipobaki siku tisa Chiriku atimize miaka saba, alikuwa ameketi dukani akining'iniza miguu.

"Bibi, siku yangu utaoka keki ya wageni, na mama ataniokea yangu ndogo. Kama mwaka jana, sivyo?"

"Ndivyo, mjukuu wangu."

"Kwani wewe yangu hujui kuioka?"

Mikono ya Mama Tanuri ikasimama ndani ya donge. "Nani kasema sijui?"

"Hakuna aliyesema. Ila hujawahi."

Mama Tanuri alikuwa amewahi kusifiwa na kuonewa wivu, lakini neno "hujui" lilikuwa halijatamkwa ndani ya duka lile likamlenga yeye. Lilimchoma kuliko mlango wa tanuri. "Mwaka huu," akasema, "itakuwa keki moja tu. Wageni wataila na wewe utaila. Nami ndiye nitakayeioka."

Chiriku akaruka juu kwa furaha, akaenda kuwatangazia watu barabarani.

Kesho yake, baada ya mkate wa mwisho kuuzwa, Mama Tanuri alifunga mlango akaanza kazi. Aliiloweka shayiri katika maji ya moto, kwa kuwa kwake moto ulikuwa dawa ya kila kitu, akaisaga kwenye blenda hadi mashine ikanuka, kisha akaikamua kwenye kitambaa kwa nguvu zote za mikono iliyozoea kukanda. Kilichotoka kiliteleza kama bamia. Keki yake ikatoka bapa, katikati ikiwa mbichi na inanata.

Shahidi wake alikuwa jirani, fundi wa saa, mzee aliyekula keki za duka lile miaka yote bila kukosa. Alitafuna polepole, akameza, akanywa maji.

"Niseme kweli?" akauliza.

"Sema."

"Gundi ninayobandikia vioo vya saa ina ladha kuliko hii."

Mara ya pili alijaribu kuyachemsha yale maziwa ili yapoteze utelezi. Yakawa uji mzito uliosimamisha mwiko. Mara ya tatu akatumia tui la nazi peke yake, akamimina bila kupima. Keki ikakaa ndani ya dimbwi la mafuta kama bata.

"Dada yangu," akasema fundi wa saa, "si unaye mkwe anayeyajua haya? Kwa nini humuulizi?"

"Nimuulize yule?" Mama Tanuri akageuka na ufagio mkononi. "Mimi nilikuwa nikikanda kabla yeye hajaota meno. Leo nikamwambie nini? Nifundishe kuoka?"

"Saa ikinishinda mimi humuuliza hata mwenye saa ilianguka vipi."

"Hizo ni saa. Hii ni keki."

Mzee akajua maji yamezidi unga, akarudi kwenye saa zake.

Mara ya nne bahati ikamtabasamia. Alinunua dukani pakiti ya maziwa ya shayiri yaliyokwisha kutengenezwa, na kopo lililoandikwa kwa herufi kubwa: SIAGI YA MIMEA. Safari hii keki iliumuka kama mto wa sufi, ikawa ya rangi ya dhahabu, laini mpaka kisu kikapita bila kuacha chembe. Fundi wa saa alikula vipande vitatu. Mama Tanuri aliimba akiosha vyombo. Ameweza, na hakumpigia mtu magoti!

Asubuhi ya sherehe akaoka nyingine kwa vipimo vile vile. Saa tatu ilikuwa imeshatoka motoni, inapoa mezani, nzuri kuliko ile ya kwanza. Wageni walikuwa waje saa kumi. Mama Tanuri akavuta kiti, akaitazama kazi ya mikono yake, akaanza kupanga maneno ya kumwambia mkwe wake. Katikati ya kupanga huko akamwona Chiriku akilini, anafungua kinywa kwa ajili ya kipande cha kwanza. Pamoja na picha hiyo akausikia ule mluzi wa kifua. Ni yeye aliyekuwa amembeba siku ile. Aliuhisi mluzi ule ubavuni mwake njia nzima.

Akalishika lile kopo la siagi, akaligeuza. Mbele ni siagi ya mimea. Nyuma kulikuwa na mstari wa maandishi madogo kama chungu waliokufa. Akalirudisha mezani. Mimea ni mimea, akajiambia. Mmea hautoi maziwa. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyecheka shayiri kwa hoja hiyo hiyo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza. Alisimama na simu mkononi kitambo, fahari ikimvuta huku na hofu ikimvuta kule. Hofu ilikuwa na sura ya mtoto, ikashinda. Akapiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Nina... nataka kukuuliza jambo." Neno lilitoka kama jino bovu. "Siagi ya mimea, ya kopo. Chiriku anaweza kuila?"

"Mama, hebu nisomee maandishi madogo ya nyuma."

"Siyaoni vizuri."

"Si nilikutengenezea miwani?"

"Iko kwenye droo."

"Ivae, Mama."

Akaivaa. Wale chungu wakawa maneno. Akaanza kusoma kwa sauti: mafuta ya mawese, mafuta ya alizeti, maji, chumvi... Kidole chake kikasimama juu ya neno la mwisho. "Unga wa maziwa, asilimia mbili."

Akakaa chini. Keki ile nzuri ilikuwa mbele yake, ikinukia vanila.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nimlishe kwa mkono wangu."

"Hukumlisha. Umeuliza kwanza." Sauti ya mkwe haikuwa na kicheko wala lawama. "Itoe hiyo keki, wape majirani. Futa meza kwa maji ya moto na sabuni. Nakuja."

Alifika na kikapu: shayiri, chupa ya mafuta ya alizeti, maziwa ya soya, tui zito lililolala usiku kucha kwenye jokofu, mizani yake ndogo, na kopo jipya la kuokea. "Haya yako yameshika siagi miaka thelathini, Mama," akaeleza. "Hata ukiyasugua, siyaamini."

Mama Tanuri akafunga aproni, akasimama upande wa meza ambao kwa kawaida walisimama wanafunzi wake. Akiwa ameshauliza moja, akaona mengine hayana uzito. Akauliza kwa nini maziwa yake yaliteleza.

"Uliisaga kwa maji gani?"

"Ya moto."

"Ya baridi, Mama, hata barafu ukiipata. Nusu dakika tu, kisha chuja bila kukamua. Shayiri ukiibughudhi inageuka gundi."

"Kumbe ina hasira kama mimi."

Mkwe akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza katika chumba kile kwa miaka mingi. Akamwonyesha jinsi siki kidogo inavyoyagandisha maziwa ya soya yakawa kama mtindi, ili keki iwe laini. Na jinsi tui lililoganda likipigwa linavyosimama kama krimu, mradi yale maji ya chini yasichanganywe.

"Haya yote ulijifunzia wapi?"

"Kwa kuharibu. Nilitupa mara kumi na moja kabla sijapata moja ya kunywa."

"Na ule mkate wako?" Mama Tanuri akauliza polepole. "Mimi mwokaji niko hapa. Mbona hukuja kuuliza ulikosea wapi?"

Mkwe aliendelea kufuta kopo ambalo lilikuwa limeshakauka. "Nilidhani utacheka tena."

"Nilicheka mbele za watu," akasema Mama Tanuri. "Lilikuwa kosa, nami sikuliona. Unisamehe, mwanangu."

"Yamepita, Mama."

"Basi uliza sasa."

Keki ikiwa motoni, wakakanda mkate. Mkwe akauliza ajuaje kama donge limetosha kuumuka, na Mama Tanuri akamshika kidole, akakizamisha ndani ya donge. "Tundu likirudi haraka, lingoje. Likirudi kwa uvivu, lipeleke motoni. Wewe ulikuwa huna subira, ulilichoma likiwa bado linapumua."

Saa kumi meza ilijaa watu: watoto wa darasa la Chiriku, fundi wa saa, na waokaji wawili waliowahi kufundishwa katika duka lile. Keki ilikuwa moja, imevikwa krimu nyeupe ya nazi. Chiriku aliitazama, kisha akamtazama mama yake, kama alivyofunzwa.

"Hii naila?"

"Unaila," akasema mama yake.

"Bibi ndiye aliyeioka?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Mama Tanuri angeweza kusema "ndiyo" tu, na isingekuwa uongo.

"Nimeioka mimi," akajibu, "na mama yako ndiye aliyenifundisha."

Mmoja wa wale waokaji akacheka. "Mama Tanuri umefundishwa kuoka?"

"Leo asubuhi. Na bado sijahitimu. Jumatatu narudi darasani kujifunza ya lozi. Ukitaka kuja, njoo, ila mwalimu wetu ni mkali kwa mizani."

Yule mwokaji akasogeza kiti karibu na mkwe, akamuuliza kwa sauti ya chini habari ya siki na soya, kwa kuwa naye alikuwa na mteja ambaye mtoto wake hagusi maziwa, na yeye mwokaji alikuwa akimrudisha mikono mitupu kila mara kwa kutojua.

Chiriku alikula kipande chake, akaomba cha pili, akakichukua kutoka sahani ile ile walimochukua wenzake wote. Mama Tanuri alikaa kando yake, sikio likiwa karibu na kifua cha mtoto, hadi jua likazama. Alichosikia ni pumzi tulivu, inaingia na kutoka. Akaelewa kwamba kati ya pumzi hiyo na ule mluzi palikuwa na swali moja tu, nalo nusura alimeze kwa sababu ya fahari. Kweli, kuuliza si ujinga.