Ukuta wa Osha Mwenyewe

Hii imenifikia jana, nami naipitisha kama nilivyoipokea. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzio.

Katika mji mmoja ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Tanga, aliishi mama mmoja jina lake Bi Mwantumu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa askari wa zimamoto. Alipostaafu, watu walidhani atafuga kuku. Yeye akajenga sehemu ya kuoshea magari yenye vibanda vitatu, pampu mbili na mipira mirefu ya maji, na getini akatundika kibao: OSHA MWENYEWE.

Chini yake aliandika sheria moja tu: "Kila mtu anaosha cha kwake. Ukimaliza, tundika mpira."

Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Katika mji ule mwenye gari hashiki ndoo. Analipeleka kijitoni kwa akina Semboja, waosha magari wa ndoo na brashi, anakaa kivulini na gazeti lake, kisha anarudishiwa gari linang'aa. Leo huyu mama anataka waheshimiwa wakunje suruali?

Bi Mwantumu hakuwa anatania. Kila mteja alimfundisha kushika mpira kama alivyowafundisha askari wapya: miguu mbali kidogo, mkono mmoja mbele, anza juu ushuke chini. Na kumbe watu wakapenda! Mwalimu mkuu alipiga picha mbele ya gari aliloliosha kwa mikono yake, akaituma kwa ukoo mzima. Bi Mwantumu alipita katikati yao kifua mbele, utadhani siku ya gwaride.

Mmoja tu hakupenda. Huyo ni Bwana Singano, mwuza mbao, mwenye gari kubwa jeupe. Siku aliyofika alibaki ameketi ndani, akapiga honi.

"Nani ananioshea?"

"Karibu, Bwana Singano. Mpira huo hapo."

"Mimi? Mbele za watu?"

"Hata mkuu wangu wa kikosi alishika mpira, bwana."

Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Bwana Singano akageuza gari, akaondoka nalo na vumbi lake.

Haikupita wiki. Asubuhi ya Jumanne Bi Mwantumu alifungua geti, akasimama hapo hapo. Mipira ilikuwa imekatwa vipande vipande. Mapipa ya sabuni yalikuwa yamepinduliwa, mtaro umejazwa mchanga, na sakafu yote imemwagiwa oili chafu. Kwenye ukuta mrefu mweupe, mtu alikuwa ameandika kwa oili hiyo hiyo, kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA HESHIMA.

Alitamani kulia. Kila tofali la pale alilijua.

Watu wakajaa. Bwana Singano naye alikuwepo, na sauti yake ndiyo iliyosikika kuliko zote.

"Ni akina Semboja! Umewachukulia wateja, wamelipiza. Twendeni kijitoni tukawafukuze leo leo, wasikanyage tena mji huu!"

Wengine walikwisha kuokota fimbo. Pale kijitoni walikuwa watu tisa, na familia tisa zilikula kwa brashi zile.

Bi Mwantumu alisogea mbele. Alichuchumaa, akachovya kidole kwenye oili, akakitazama kwa muda, akakipangusa kwenye aproni. Kisha akainuka.

"Hakuna mtu anakwenda popote. Semboja na wenzake hawakufanya hili."

"Umejuaje?" akauliza Bwana Singano.

"Miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kujua moto umeanzia wapi."

"Haya, basi ni nani?"

"Mwenyewe anajijua. Na sheria ya hapa mnaijua nyote."

Fimbo zikashuka moja moja. Saa haikuisha, akina Semboja wenyewe wakaingia getini wote tisa, kila mmoja na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," akasema Semboja. "Tumesikia tulivyosingiziwa. Na ulivyotutetea pia tumesikia. Tuoneshe pa kuanzia."

Walizoa mchanga kwenye mtaro. Walimwaga majivu juu ya oili, wakapiga magoti kusugua sakafu, wakaosha, wakarudia. Mipira ile waliiunga kwa vipande vya bomba na waya, na Bi Mwantumu akakagua kila kiungo. Ilipoadhiniwa alasiri, pampu ilinguruma na maji yakaruka. Watu tisa walisimama kutazama sakafu yao, wameloa chapachapa, wanatabasamu. Walikuwa na haki ya kujivuna.

Ukabaki ukuta. Semboja aliukaribia na brashi, akasita.

"Mama, huu hatuugusi. Sheria yako inasema kila mtu anaosha cha kwake. Tukiuosha, mji mzima utasema tumeosha cha kwetu."

Bi Mwantumu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hata mimi siugusi. Una mwenyewe."

Basi ukuta ukabaki vile vile. Wateja walirudi, wakaosha magari huku wakiyasoma yale maneno. Fundi mmoja alijitolea kuupaka rangi, akakataliwa kwa adabu. Kila aliyeuliza alijibiwa jibu moja: "Mwenyewe atakuja."

Bwana Singano alipita njia ile kila siku. Gari lake jeupe likaanza kuwa la kahawia. Kijitoni angeendaje, naye ndiye aliyetaka wafukuzwe? Kwa Bi Mwantumu je? Hata mtu mmoja mtundu akamwandikia kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma: NIOSHE. Mji ukacheka wiki nzima.

Jumamosi ya pili, mchana kweupe, vibanda vyote vitatu vikiwa vimejaa, alifika kwa miguu. Alikuwa amekunja mikono ya shati, na begani amebeba gunia la maranda ya mbao.

"Bi Mwantumu," akasema. "Nimekuja kuosha cha kwangu."

Bi Mwantumu akampa brashi na sabuni.

Bwana Singano akasugua ukuta kwa maranda mpaka jasho likamwingia machoni. Aliposhika mpira ulimponyoka, ukamlowesha kichwa hadi viatu. Semboja, aliyekuwa amekuja kutazama viungo vya mipira, akaanza kumwendea. Watu wakashika pumzi wakijua leo ni leo.

"Miguu mbali kidogo, bwana," akasema Semboja. "Anza juu, ushuke chini."

"Semboja, nilikusingizia. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini osha."

Ilimchukua saa tatu. Alipomaliza, ukuta ulikuwa mweupe kuliko siku uliyojengwa. Akatundika mpira mahali pake, akarudi nyuma hatua tano, akautazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Kona ya chini, kushoto," akasema Bi Mwantumu.

Akarudi, akaiosha kona.

Ndipo akamwuliza kwa sauti ya chini: "Ulijua lini?"

"Asubuhi ile ile. Oili ilikuwa na maranda ndani yake. Nani mwingine hapa mjini anapaka mbao oili chafu zisiliwe na mchwa?"

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja ungepelekwa polisi, na ukuta ningeuosha mimi. Halafu nani angekuona ulivyosimama sasa hivi?"

Bwana Singano akamrudishia brashi yake. Jioni ile alirudi na gari lake, akaegesha kibanda cha kwanza, akashuka. Alianza na kioo cha nyuma. Watu wakampigia makofi, na Bi Mwantumu, mkongwe wa zimamoto, akampigia saluti.

Funzo: Kuosha uchafu ulioumwaga mwenyewe, mbele ya watu wale wale, hakumshushii mtu heshima bali kunamrudishia, na anayekujua akakuachia nafasi ya kuuosha amekuheshimu kuliko ulivyojiheshimu.