Kibuyu Kimoja cha Bi Kuchakulo

Paukwa!
— Pakawa!
Kibatari?
— Kimewaka!
Mafuta ya nani?
— Ya jirani!

Haya, sogeeni. Palikuwa na Jemadari Nyati, pembe hizo, tumbo hilo, akitaka vita na Ngiri. Kambi ya Ngiri ilikuwa ng'ambo ya msitu, na msitu wenyewe hata adhuhuri ni giza tii. Bila mienge, hakuna jeshi. Nyati alikuwa na mtungi wa mafuta ya ufuta, lakini akapita nyumba kwa nyumba kuchukua ya wenzake, akayamimina humo hadi ukajaa pomoni.

Bado hakutosheka, akafika kwa Bi Kuchakulo, yule kindi mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko mwili.

"Lete kibuyu chako."

Bi Kuchakulo akakikumbatia. Kibuyu kimoja tu, cha kuwakaangia wanawe masika yote! Ampe, watoto wale nini? Amnyime, akanyagwe?

"Chukua, afande. Ila kukifikisha huko kutakula mafuta mengi."

"Wee! Kibuyu ni kibuyu. Hapa kimoja, kule kimoja."

"Basi ya njiani yatoke mtungini mwako, changu kifike kimejaa."

"Naapa kwa pembe zangu!" Nyati akasema mbele ya askari wote, akicheka.

Safari ikaanza, ndi ndi ndi, Bi Kuchakulo kapanda juu ya kibuyu chake, kichwani kwa mpagazi.

"Afande, mpagazi haoni."

Mwenge ukawashwa. Mtungi ukainamishwa, glu glu.

"Afande, mpagazi halindwi?"

Walinzi wanne, mienge minne. Glu glu glu.

"Afande, walinzi hawali?"

Mpishi akaja na mwenge wake, na kikaango juu! Glu glu glu glu.

"Na huyu mbeba mtungi, afande, yeye popo?"

Nyati akakuna kichwa. Glu.

Katikati ya msitu mtungi ukalia to... to... kisha kimya. Mienge ikazimika.

"Fungueni kibuyu!" Nyati akanguruma.

"Hee! Na pembe ulizoapia?"

Askari wakaguna. Kwao nyati, avunjaye kiapo cha pembe haongozi tena hata ndama. Nyati akafyata mkia.

Wakashikana mikia, wakarudi, Bi Kuchakulo mbele, maana msituni humo ndimo alimozaliwa. Vita vikafia hapo.

Kesho yake Nyati akapita, akasikia harufu ya mihogo ya kukaanga. Bi Kuchakulo akachungulia.

"Kibuyu ni kibuyu, afande. Kule kimoja, hapa kimoja!"

Utambi wangu umelala, ngano imekauka. Nayo yatufundisha, enyi majemadari wadogo, kwamba njia haili kitu. Anayeamini atangulie, na mtungi wake.